Zeituni na Dirisha Lililoingiza Ziwa Kwenye Kadi za Rangi

KISUMU, 1998

Jua limeshapanda juu ya milima ya Nandi lakini bado halijaanza ukali wake. Zeituni Abeid anapanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye ukuta wa kiwanda, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umebana bahasha nyeupe kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Chini yake, Milka Owiti, mfanyakazi mwenzake, ameshikilia ngazi na hana mpango wa kunyamaza.

"Mama Subira, ukianguka leo usiangukie kwa ile rangi nyeupe," anasema. "Angukia kahawia. Haitaonekana."

"Shika ngazi kwa mikono, nyar Bondo, si kwa mdomo," Zeituni anamjibu bila kutazama chini. Nyar Bondo, binti wa Bondo, ndilo jina analomwita Milka siku anazompenda, na siku asizompenda vilevile.

Juu ya paa, kando ya tangi la maji, kuna meza ndogo iliyopakwa kijivu. Zeituni anatoa kwenye bahasha vipande viwili vya karatasi, kila kimoja hakizidi ukubwa wa kiberiti, na kuviweka ubavu kwa ubavu. Anarudi nyuma hatua moja. Anafumba macho nusu, kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka nyumba ya mbali. Upepo wa ziwani unacheza na pindo la koti lake jeupe.

"Huyu ni mama," anasema akigusa hewa juu ya kipande cha kwanza. "Na huyu ni mtoto. Naangalia kama ni damu moja."

Zeituni, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mtengenezaji wa kadi za rangi. Ni zile kadi za kukunjwa, zenye miraba midogo ya rangi, zinazoning'inia kwenye msumari katika maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Kondele hadi Bondo. Mtu akitaka kupaka nyumba huweka kidole juu ya mraba na kusema: nataka hii.

Wengi hudhani miraba ile huchapwa kwa mashine, kama picha za gazeti hili. Sivyo. Kila mraba ni rangi yenyewe, iliyopakwa kwenye karatasi, ikaanikwa, ikakatwa na kubandikwa kwa mkono. Anayeweka kidole pale amegusa kazi ya wanawake saba wa kiwanda kimoja karibu na bandari, ambacho wenyewe wameomba kisitajwe jina, kwa kuwa, wanasema, kimetajwa vya kutosha mwaka huu.

Kazi huanza na kopo. Rangi ya ukutani ikishatoka kwenye mapipa, Zeituni huletewa kidogo, naye huipaka kwenye karatasi. Hicho ndicho kipande mama. Lakini rangi ya ukutani haifai kwa kadi. Ukiikata hupasuka kingo, ukiikunja hubanduka. Kwa hiyo huchanganya nyingine, ya kadi pekee, inayokauka upesi na kunyumbuka kama ngozi, kwa unga wa rangi tofauti kabisa. Huyo ndiye mtoto. Kazi yote ni kumfanya mtoto afanane na mama hata jirani mwenye umbea asipate la kusema.

Hutia njano kidogo. Hutia chembe ya nyeusi, kiasi cha kubebwa na ncha ya kijiti. Hukoroga, hupaka, hungoja ikauke, maana rangi mbichi, anasema, ni kama mchumba, huahidi mengi. Kisha huangalia, hutikisa kichwa na kuanza upya.

Mtoto akikubaliwa, karatasi pana hulazwa juu ya meza ya kioo. Rangi humwagwa mstari mmoja upande wa juu, na Dorca Nakhungu, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, huvuta juu yake fimbo ya chuma iliyozungushiwa waya mwembamba, akiileta tumboni kwake kwa mvuto mmoja. Hakuna kusimama. Ukipiga chafya katikati, karatasi hiyo ni ya kufungia maandazi.

Karatasi huanikwa kwa vibanio kwenye nyaya zilizopita chumba kizima. Ukiingia hapo mchana, upepo ukipenya, unapita katikati ya krimu, samawati, kijani cha majani ya muhogo na nyekundu ya udongo wa chungu, zote zikipumua taratibu. Ni kama nyumba ambayo upinde wa mvua umefuliwa na kuanikwa.

Madirisha yamefunikwa wavu, na wavu una historia. Mwaka mmoja ulitoboka, na vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda kutoka majini kama moshi, vikajibandika kwenye karatasi ya krimu. Kadi chache zilitoroka kabla hazijakaguliwa. Wanaojua kusimulia huapa kwamba kwa miezi kadhaa wateja wa Siaya waliingia madukani wakiulizia ile yenye madoadoa, na kwamba fundi mmoja, akitaka kumridhisha mteja, aliwasha karabai kando ya ukuta mbichi akangoja wadudu waje wamalizie kazi.

Milka hukana hadithi hiyo. Kisha hucheka kwa muda mrefu kuliko mtu anayekana.

Karatasi zikikauka hukatwa vipande kwa mashine yenye kisu kirefu. Wanawake wengine huketi mezani na vibano vyao, kila mmoja na kikombe cha gundi, wakibandika mraba mmoja mmoja juu ya majina yaliyokwisha kuchapwa: Ganda la Yai, Mtama Mchanga, Udongo wa Chungu. Kadi hulazwa chini ya mawe yaliyookotwa ufukweni Dunga ili zinyooke.

Watu huzifanyia kadi hizo mambo ambayo hazikukusudiwa. Wapo wanaozitundika sebuleni kando ya kalenda. Na huko upande wa Bondo, husemwa, kuna mzee aliyekataa kupokea ng'ombe wa mahari mpaka wafanane na Udongo wa Chungu, akazunguka boma zima na kadi mkononi, akimwekea kila ng'ombe mraba ubavuni.

Zeituni alizaliwa mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu. Baba yake, Abeid, alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemfundisha kuona.

"Alinituma dukani na kipande cha kitambaa, ninunue uzi wa kufanana nacho," anakumbuka. "Nikileta usiofanana, ananirudisha. Nilirudishwa mpaka macho yangu yakapata adabu. Na kila mara aliniambia: usiamini taa ya dukani, toka nao nje kwanza."

Anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeona kitu alichokipoteza kikiwa mfukoni mwake mwenyewe. "Hilo la kutoka nje ndilo nililolisahau."

Aliingia kiwandani mwaka 1983 kufagia. Mchanganyaji rangi wakati huo alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Mumias, aliyemkuta siku moja amechuchumaa kando ya takataka, akipanga vipande vilivyotupwa kutoka chenye kung'aa hadi chenye giza. Mzee alimnyang'anya fagio, akampa kijiti cha kukorogea. Tangu hapo akamfundisha dirisha.

Lilikuwa dirisha kubwa upande wa ziwa, chini ya kibaraza cha mabati kilichoshuka sana hata anga halikuonekana. Mwanga wote uliingia kutoka chini, ukiruka juu ya maji. Hapo ndipo mama na mtoto walipokutanishwa, jua likiwa bado nyuma ya jengo. Masharti yalikuwa makali. Koti jeupe kwa kila mtu. Hakuna leso ya rangi wala kitambaa cha kichwa karibu na dirisha, kwa sababu nguo yenye rangi hurusha rangi yake kwenye karatasi na kulidanganya jicho.

"Dirisha hili halijapata kudanganya," Mzee Bakari alimwambia, na Zeituni aliamini. Mzee alipostaafu na kurudi Mumias, alimwachia koti lake na dirisha lake. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni hilo na si jingine.

Mumewe alifariki mwaka 1989. Kwa mshahara usiofika shilingi elfu tano kwa mwezi amelea watoto watatu katika vyumba viwili Nyalenda, na mkubwa, Subira, sasa anasomea uuguzi. Jioni akitembea kwenda nyumbani huona mji umejigawa katika miraba. Bati lililopata kutu ni nambari fulani. Moshi wa samaki ni nyingine. Anga juu ya Nyalenda, dakika ile kabla taa hazijawashwa, ni ya tatu, ambayo kiwanda hakijaweza kuipata na pengine hakitaiweza.

"Nikilala naota rangi," anasema. "Si nyumba, si nguo. Rangi tupu, hazina ukuta wa kuzibeba. Zinapita tu, na mimi nakaa kando nazitazama."

Kisha likaja gugu maji.

Hakuna mkazi wa Kisumu anayehitaji kuelezwa. Lilianza kama maua ya kupendeza, kufumba na kufumbua ghuba ikawa shamba. Wavuvi walikwama, meli zikashindwa kutia nanga, mbu wakanenepa. Husemwa mbuzi mmoja alitoka Dunga akila polepole, akajikuta Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba, kwato zake zikiwa kavu. Watu walilalamikia samaki, maji, na harufu. Hakuna aliyefikiria dirisha.

Mapema mwaka huu, Obiero, fundi wa kupaka rangi anayejulikana sana Kondele, aliingia uani mwa kiwanda na gunia begani. Alilishusha mbele ya Zeituni, akatoa kipande cha plasta kikubwa kama sahani.

"Mama, nimerudisha ukuta," alisema.

"Nani alikuuzia ukuta hapa?"

"Nyinyi. Lornah wa studio alichagua Ganda la Yai kwa kadi yenu. Mimi nikapaka. Sasa angalia mwenyewe." Aliweka kadi juu ya plasta, hapo hapo juani. Mraba ulikuwa ganda la yai safi. Plasta ilikuwa na wekundu fulani, kama shavu la mtu aliyeshikwa akisema uongo.

Lornah ana studio ya picha yenye ua, na kwenye ukuta wa uani ndipo anapowasimamisha maharusi. Obiero alieleza hasara. "Bwana harusi anatoka kwa picha kama amepigwa na mama mkwe. Lornah amesema sipakii mtu mwingine Kondele mpaka huo ukuta urudi rangi yake. Na yule mama akisema kitu, Kondele yote inasikia."

"Wewe uliitia maji, Obiero."

"Mama Subira, nikitia maji inakuwa nyepesi. Tangu lini maji ikaleta haya?"

Zeituni alichukua plasta na kadi, akaingia ndani, akaziweka kwenye dirisha la ziwa. Zilifanana. Alimwita Obiero aone. Obiero aliona, akatoka nazo uani. Hazikufanana. Akarudi ndani. Zilifanana.

"Hii nyumba ina majini," alisema Obiero, akachukua gunia lake na kwenda.

Hakuwa peke yake. Kadi zilirudi kutoka Bondo, zikarudi kutoka Siaya. Bwana Walubengo, meneja wa kiwanda, mtu mpole anayeona haya kutoa habari mbaya, aliwaita wanawake saba na kusimama akichezea kalamu.

"Sina ubaya na nyinyi," aliwaambia. "Lakini wenye kiwanda walioko Nairobi wamepata mashine inayochapa kadi kwa wino. Haihitaji gundi, haihitaji kuanika. Wananiuliza kwa nini bado tunafanya hivi. Tutengeneze kadi moja nyingine. Hiyo nayo ikirudi, chumba hiki kitakuwa stoo ya makopo."

Wanawake walirudi mezani. Hakuna aliyesema neno, jambo ambalo, kwa chumba kilichokuwa na Milka ndani, lilikuwa la kuogofya.

Zeituni alianza upya. Alikaa kwenye dirisha muda mrefu kuliko awali, akiliomba liseme kweli. Aliushuku unga. Aliishuku fimbo ya Dorca, na Dorca akanuna wiki nzima. Mwisho aliyashuku macho yake mwenyewe, akaenda kupimwa, na daktari akamwambia macho hayo angeweza kumwazima msichana.

Kila mtoto aliyemtengeneza alifanana na mama yake dirishani kama pacha. Wakitoka nje, walikuwa kama watu waliokutana kituo cha basi.

Ndipo Milka akaja kazini na kitambaa cha kijani kichwani, akasogea kuchungulia.

"Milka, toka hapo," Zeituni alisema. "Kitambaa chako kinaingia kwenye karatasi."

"Natoka, Mama Subira, natoka." Milka alirudi nyuma ameinua mikono kama mtu aliyeshikwa na askari. "Mimi na haka kakitambaa kangu mnatufukuza. Na hilo shamba lote la kijani huko nje, hilo nalo nani atalivua?"

Meza nzima ilicheka. Zeituni hakucheka. Alimwambia akalete gundi. Lakini maneno yale yalibaki naye njia nzima ya Nyalenda, kama kokoto ndani ya kiatu, na usiku ule, anasema, aliota rangi moja tu, ya kijani, ikipanda kimyakimya kwenye kuta za chumba cha kadi mpaka ikafika dari.

Siku chache baadaye upepo uligeuka. Wanaoishi kando ya ghuba wanajua tabia ya gugu maji: leo liko kwako, kesho limehamia kwa jirani. Asubuhi ile lilikuwa limesukumwa mbali kuelekea Homa Bay, na maji yalikuwa wazi, yakimetameta kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Zeituni alifika, akavua leso, akavaa koti, akachukua pacha wa jana na kuwaweka dirishani.

Hawakufanana. Mama alikuwa ameiva, mtoto amepauka.

"Nilisimama pale," anasema, "nikawageuza, nikawaweka tena. Rangi hazikuwa zimebadilika. Dirisha lilikuwa limebadilika."

Aligeuka, akamwita Milka mbele ya wote. "Njoo hapa. Na uje na kitambaa chako."

Anayetaka kuelewa afikirie uzi wa Fundi Abeid. Uzi na nguo, kwa kuwa vimetiwa rangi kwa dawa tofauti, vinaweza kufanana chini ya taa ya dukani na kukosana nje. Mama na mtoto walikuwa hivyohivyo, na gugu maji lilikuwa taa. Mwanga ulioruka juu ya majani yale uliingia dirishani umeshakuwa kijani, na Zeituni, bila kujua, alikuwa akiwapatanisha mama na mtoto katika mwanga ambao hakuna ukuta wa Kondele uliokuwa nao. Kitambaa kimoja kilifukuzwa kwa miaka. Ziwa zima liliachwa liingie.

Mchana gugu lilirudi, na pacha wakapatana tena, mbele ya macho yao.

Ungedhani kilichobaki kilikuwa rahisi. Haikuwa hivyo. Zeituni alikuwa amesimama kwenye dirisha lile tangu ujana wake, na aliyemkabidhi alikuwa bado hai. Jumapili iliyofuata alikwenda Mumias.

Alimkuta Mzee Bakari kibarazani, macho yameingia ukungu, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dirisha langu halijambo?"

Zeituni alimweleza yote, akikwepa kumwangalia usoni ingawa mzee hakuwa akiona vizuri. Alipomaliza, Mzee Bakari alianza kutikisika. Zeituni alidhani analia. Alikuwa anacheka, na chai ilikuwa inamwagika.

"Mwanangu, unajua kwa nini nilisimama dirisha lile?"

"Kwa sababu halidanganyi."

"Kwa sababu jiko la chai lilikuwa chini yake. Mimi siwezi kuangalia rangi na koo kavu. Hayo mengine niliyasema baadaye, ili meneja asinihamishe."

Zeituni alipangusa chai iliyomwagika. Ndipo akauliza kama anaweza kuhamia juu ya paa, palipo na anga tupu.

"Huko paani kuna chai?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi huko utafanya kazi," alisema Mzee Bakari, akaomba aongezwe kikombe.

Hivyo ndivyo ngazi ilivyowekwa ukutani na meza ikapandishwa juu. Ganda la Yai lilichanganywa upya chini ya anga, pamoja na rangi nyingine zote zilizoshukiwa. Dorca, ambaye alikuwa ameombwa radhi na kukubali baada ya kubembelezwa kwa sukari, alivuta fimbo yake bila kupumua.

Bwana Walubengo hakutaka kuamua mwenyewe. Alisema ukuta uliowashtaki ndio utakaowahukumu. Obiero aliupaka upya ukuta wa uani kwa rangi ambayo Lornah aliichagua tena kwa miraba iliyochanganywa paani, na siku ilipofika, meneja alikuja na mgeni mmoja kutoka Nairobi, mtu wa miwani, mtaratibu, aliyetumwa na wenye kiwanda aone kwa macho yake. Milka alikuja kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia.

Zeituni alitoa kwenye bahasha mraba mmoja mtupu, usio na kadi, usio na jina. Alimpa Obiero. Kisha akaigeukia barabara, akawapa wote mgongo.

"Sikuweza kutazama," anasema. "Nilihesabu matairi ya baiskeli."

Obiero alipaka gundi nyuma ya mraba, akaukandamiza ukutani kwa kidole gumba, akarudi nyuma kando ya wengine.

"Uko wapi?" aliuliza Bwana Walubengo.

"Uko hapo."

"Hapo wapi?"

Obiero alinyoosha kidole. Kidole kilisita, kikasogea kulia, kikarudi kushoto. Alikaribia ukuta. Akaweka kiganja, akaanza kupapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mgeni wa Nairobi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogea mpaka pua yake ikawa karibu kugusa plasta.

"Nyinyi mmebandika nini kwa ukuta wangu?" Lornah aliuliza, akiwa amechelewa kutoka ndani.

"Tumebandika kitu, Madam," Obiero alisema, bado anapapasa. "Lakini imekataa kuonekana."

Zeituni bado alikuwa amewapa mgongo. Milka ndiye aliyemshika bega.

"Mama Subira, geuka," alisema kwa upole usio wa kawaida yake. "Mtoto amerudi kwa mama."

Mgeni alirudi Nairobi siku hiyohiyo. Uamuzi uliokuja baadaye haukuwa wa milele. Kadi hii itatoka katika mikono ya wanawake saba. Inayofuata itajadiliwa wakati wake.

"Mashine yao ni nzuri, siwezi kusema uongo," anasema Bwana Walubengo. "Ni ya haraka. Lakini mgeni wetu alibandika ya wino kwenye ukuta ule ule, akaiona kutoka barabarani."

Hadi makala haya yanaandikwa, mraba wa Zeituni haujapatikana. Uko mahali fulani kwenye ukuta wa Lornah, na Lornah, ambaye hajui kupoteza biashara, sasa huwaambia maharusi waupapase kabla ya picha. Atakayeuhisi kwanza, anadai, ndiye atakayekuwa na sauti nyumbani. Ndiyo maana katika picha nyingi za harusi za Kondele mwaka huu bibi na bwana wameweka mikono nyuma.

Juu ya paa, Zeituni anarudisha mama na mtoto kwenye bahasha. Wamekubaliana. Lakini hashuki. Anatoa mfukoni kijikaratasi kingine, ambacho hakimo katika kazi ya leo, na kukiinua mbele ya ghuba.

Ni rangi isiyo rahisi kutaja. Ina samawati, ina kijivu, na ndani yake kuna kitu kama shaba kilicholala. Kila upepo unapolisogeza gugu na maji kufunguka, Zeituni hupanda hapa na kuiongezea rangi hiyo chembe moja ya kitu fulani. Kwenye kadi mpya kuna mraba mmoja ulio wazi, wa rangi iliyoachwa kutengenezwa, na Bwana Walubengo amemwambia kwamba akiipata rangi hiyo, nafasi ni yake.

"Watoto wadogo wa Nyalenda wakichora ziwa siku hizi wanatumia kijani," anasema. "Siwalaumu. Ndilo wanalolijua."

Chini, Milka anauliza kwa sauti kama Mama Subira amehamia huko juu na kama aletewe godoro. Leo gugu limetanda tena hadi ukingoni, isipokuwa ufa mmoja mwembamba wa maji, mbali, ambao Zeituni anautazama bila kupepesa.

"Siku litakapoondoka lote, nitashuka Dunga na kipande hiki," anasema. "Nitakiweka juu ya maji, nirudi nyuma kidogo, halafu nikitafute."

Anakirudisha mfukoni, anaanza kushuka ngazi.

"Nisipokiona, nitajua nimemaliza."